Vijana Wanne na Kigari cha Barafuni: Filamu ya Cool Runnings Kama Kicheko na Kama Historia

Filamu ya Cool Runnings ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 1 Oktoba 1993. Ni filamu ya kuchekesha, iliyotengenezwa na kampuni ya Walt Disney ili itazamwe na mkubwa na mdogo, na inasimulia safari ya vijana wanne wa Jamaika waliokwenda kushindana katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1988 huko Calgary, Kanada. Kwa kawaida filamu ya namna hii haiingii darasani kwetu. Huachwa sebuleni pamoja na bisi na kelele za wadogo zetu. Hata hivyo, naileta katika mkusanyiko huu wa insha za historia kwa sababu mbili.

Kwanza, tukio linalosimuliwa lilitokea kweli, na wahusika wake wamelisimulia wenyewe mara nyingi. Tunaweza basi kuiweka filamu upande mmoja na tukio upande wa pili, tukaona kilichoongezwa na kilichopunguzwa. Pili, mimi ni Mnyarwanda, na Wanyarwanda tunajua maana ya nchi ndogo kujulikana ulimwenguni kupitia filamu moja. Mgeni akisikia ninakotoka, swali lake la kwanza au la pili huwa juu ya Hotel Rwanda, filamu ya mwaka 2004 ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Kwa hiyo, nikiona nchi nyingine ndogo ikisimuliwa na wageni, masikio yangu husimama hata kama hadithi yenyewe ni ya kuchekesha.

Hoja yangu katika insha hii ni kwamba Cool Runnings ilibadilisha karibu kila jambo la tukio lenyewe, na bado inastahili kupendwa, mradi tujue kilichobadilishwa na aliyefaidika na mabadiliko hayo. Nitaeleza hadithi ya filamu, namna tulivyoitazama kwetu, yaliyotokea Calgary kwa kweli, na mwisho nitamleta jirani yetu mmoja kutoka Kenya ambaye maisha yake yanatusaidia kuona kile filamu ilichokosa.

Hadithi ilivyo kwenye filamu

Derice Bannock ni mkimbiaji wa mbio fupi anayetarajia kwenda kwenye Olimpiki za Seoul za mwaka 1988. Katika mbio za mchujo, mkimbiaji aliye pembeni yake, Junior Bevil, anajikwaa, na katika kuanguka kwake anawaangusha Derice na mwenzao wa tatu, Yul Brenner. Safari ya Seoul inaishia hapo, vumbini. Derice anagundua kwamba kisiwani anaishi Mmarekani mmoja, Irving Blitzer, aliyewahi kushinda dhahabu katika mchezo wa bobslei. Anaamua kwamba kama mlango wa kiangazi umefungwa, atapitia wa baridi.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, bobslei ni mbio za kigari kirefu chenye umbo la mtumbwi, kisicho na magurudumu, kinachoteleza juu ya vyuma ndani ya mfereji wa barafu wenye kona nyingi. Wachezaji hukisukuma mwanzoni kwa nguvu zao zote, kisha huruka ndani mmoja baada ya mwingine. Wa mbele huongoza, wa nyuma kabisa hufunga breki mwishoni. Kasi huweza kupita kilomita 120 kwa saa. Ni mchezo wa nchi zenye theluji na pesa.

Hapo ndipo kicheko kinapoanzia. Sanka Coffie, rafiki wa Derice na bingwa wa mbio za mikokoteni ya mbao, anaingizwa ndani ya gari la aiskrimu ili aizoee baridi, na anatoka nywele zake za rasta zikiwa zimeganda kama vijiti. Pesa ya safari inatafutwa kwa kuimba barabarani na vituko vingine, hadi Junior anapouza gari lake. Walipofika Calgary, mlango wa uwanja wa ndege unafunguka, upepo unawapiga, nao wanarudi ndani. Timu nyingine zinawacheka, na Wajerumani wa Mashariki wanawatukana. Derice anajaribu kuiga kila wafanyacho Waswisi, hata namna ya kuhesabu, mpaka Sanka anamwambia kwamba wakiendelea kujifanya Waswisi watashindwa kama Waswisi wa bandia. Wanaanza kusukuma kigari kwa mdundo wao. Wanaonekana kukaribia ushindi, kisha chombo chao chakavu kinalegea, kinapinduka kwa kasi kubwa, na baada ya kimya kirefu vijana wanne wanainuka, wanakibeba mabegani na kuvuka nacho mstari wa mwisho kwa miguu. Wote waliowacheka wanapiga makofi.

Mwongozaji alikuwa Jon Turteltaub. Kocha Blitzer aliigizwa na John Candy, Mkanada mnene mwenye uso wa huruma, na hii ndiyo filamu yake ya mwisho kutoka akiwa hai, maana alifariki tarehe 4 Machi 1994. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 150 duniani kote.

Tulivyoitazama Gisenyi

Niliiona filamu hii nikiwa shule ya msingi, takriban miaka ishirini baada ya kutoka, nyumbani kwa mjomba wangu mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo ukivuka mpaka kwa miguu unajikuta Goma. Ilikuwa kwenye sidii isiyo na jalada, na ilikuwa agasobanuye. Hivyo ndivyo tunavyoziita filamu za kigeni ambazo mtu amezisimulia upya kwa Kinyarwanda, sauti yake ikipita juu ya sauti za waigizaji. Waganda wana maveejay wao, na Watanzania nao wamekuwa na watafsiri wa filamu. Msimulizi wa agasobanuye hafasiri tu, bali pia anaeleza, anaonya, anataja mitaa tunayoijua, na wakati mwingine anamcheka mhusika kabla hata hatujaanza kumcheka sisi.

Ninataja jambo hili kwa sababu filamu tuliyoipenda haikuwa ile iliyotoka Hollywood peke yake. Theluji, kwa mfano, msimulizi aliiita kwa neno lile lile tunalotumia kwa mvua ya mawe. Tulikuwa tunaujua Mlima Karisimbi, ambao kilele chake huweza kuonekana cheupe asubuhi ya baridi, na ambao jina lake lenyewe linatokana na weupe huo. Kwetu sisi, kwa hiyo, Wajamaika walikuwa wamekwenda kushindana huko juu ya Karisimbi kwenye mvua ya mawe, na hilo lilitosha kabisa kutuchekesha.

Vilevile, mikokoteni ya Sanka haikuhitaji kufafanuliwa. Mtu wa Gisenyi amekua akiona chukudu, ule usafiri wa mbao wa magurudumu mawili ambao vijana wa Goma huubebesha makaa, viazi na saruji, wakiusukuma kwenye vilima na kuupanda kwenye miteremko, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine ukitafuta breki. Mjomba alipomwona Sanka akishuka mlima na mkokoteni wake, alisema, "Ninyi mnadanganywa. Huyu ni mtoto wa Goma huyu."

Bibi yangu alikuwapo. Hakuwa mtu wa filamu, lakini alikaa mpaka mwisho. Kigari kilipobebwa na makofi yakaanza, alimuuliza mjomba, "Wamepata hiyo medali waliyoifuata?" Mjomba akajibu, "Hapana, mama, wameanguka." Bibi akatazama kidogo, kisha akauliza, "Basi wanashangiliwa nini?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu sote tulikuwa tunapiga makofi.

Hapa inanibidi niseme jambo kuhusu mapenzi ya vitu vya zamani. Wenzangu wa nchi nyingine huwasikia wazazi wao wakiikumbuka miaka ya tisini kwa nyimbo, mitindo ya nywele na vipindi vya televisheni. Kwetu muongo huo hauzungumzwi hivyo. Filamu hii ilitoka miezi sita kabla ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Ninaposema naikumbuka kwa upendo, sizungumzii miaka ya tisini, ambayo sikuiishi na ambayo wakubwa wangu hawaitamani. Nazungumzia sebule ya mjomba, ambamo watu wazima waliopita katika muongo huo walicheka kwa sauti mbele yetu watoto, wakikicheka kitu kilichotengenezwa ndani ya muongo ule ule. Kwa mwanafunzi wa historia hilo si jambo dogo. Kitu cha zamani huweza kupata maana yake kuu mbali na pale kilipozaliwa, mikononi mwa watu ambao mtengenezaji wake hakuwafikiria.

Yaliyotokea Calgary

Sasa tuiweke filamu kando. Wazo la timu ya bobslei ya Jamaika halikutoka kwa mkimbiaji aliyeangushwa. Lilitoka kwa wafanyabiashara wawili wa Kimarekani, George Fitch na William Maloney. Fitch alikuwa amewahi kufanya kazi katika ubalozi wa Marekani mjini Kingston. Waliona mbio za mikokoteni ya kusukuma nchini humo, mikokoteni ile ile ya kubebea bidhaa sokoni, wakaona inafanana na bobslei. Waliwaza pia kwamba nchi yenye wakimbiaji wazuri wa mbio fupi inaweza kupata watu wa kusukuma kigari kwa kasi.

Wakimbiaji hawakuvutiwa. Ndipo waanzilishi wakageukia Jeshi la Ulinzi la Jamaika. Dudley Stokes, aliyekuja kuwa dereva wa kigari, alikuwa ofisa na rubani wa helikopta. Devon Harris alikuwa ofisa aliyepata mafunzo katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Michael White naye alitoka jeshini. Kocha wao mmojawapo alikuwa Howard Siler, Mmarekani aliyewahi kushiriki Olimpiki katika mchezo huo. Blitzer, pamoja na ule udanganyifu wake wa zamani unaofichuliwa katikati ya filamu, ni mtu wa kubuniwa.

Timu ilikwenda Calgary kwa ajili ya kigari cha watu wawili. Dudley Stokes na Michael White walishindana na kumaliza katika nafasi ya 30. Uamuzi wa kuingia pia katika mbio za watu wanne ulifikiwa huko huko. Mmoja wao, Caswell Allen, alikuwa ameumia, na nafasi yake ikachukuliwa na Chris Stokes, mdogo wake Dudley, mkimbiaji aliyekuwa akisoma Marekani na ambaye alikuja Calgary kumshangilia kaka yake tu. Alijifunza bobslei kwa siku chache, kisha akashindana kwenye Olimpiki. Mwandishi wa filamu akileta jambo kama hilo tungemwambia amezidisha chumvi, na labda ndiyo sababu filamu haikulitumia.

Katika mbio za tatu kati ya nne zilizopangwa, kigari kilipinduka. Kiliteleza kwa kichwa chini umbali mrefu kabla ya kusimama. Wote wanne walitoka wazima na kutembea kando ya kigari chao hadi mwisho wa njia huku watazamaji wakiwapigia makofi. Hawakukibeba mabegani. Baadhi ya picha za ajali tunazoziona ndani ya filamu ni picha halisi za televisheni ya Marekani za siku ile, zikiwa zimekatwa na kuunganishwa na za waigizaji. Mtazamaji basi anaona ukweli na ubunifu katika sekunde zile zile, bila alama yoyote ya kumwambia kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Kuhusu wapinzani, wanariadha wa Jamaika wamesimulia kwamba walipokelewa vizuri. Timu nyingine ziliwapa ushauri na kuwasaidia vifaa. Chuki ya Wajerumani wa Mashariki haikuwapo Calgary. Iliwekwa na waandishi wa filamu.

Kilichobadilishwa, na kwa faida ya nani

Mabadiliko haya si ya bahati mbaya, na kila moja lina kazi yake. Nitachambua matatu.

La kwanza ni kuondolewa kwa jeshi. Katika filamu, vijana hawa ni watu wa kawaida wasio na chochote nyuma yao ila urafiki. Ukweli ni kwamba walikuwa na taasisi ya dola iliyowaruhusu, iliyowafunza nidhamu na iliyowapa afya ya mwili. Hollywood inapenda maskini anayepanda kwa juhudi zake peke yake. Maskini aliyesaidiwa na taasisi ya nchi yake haichekeshi, na zaidi ya hapo anaonyesha kwamba nchi ndogo za kitropiki nazo zina taasisi. Tumepata kicheko, tumepoteza dola.

La pili ni wazo lenyewe. Hapa filamu inawapa Wajamaika zaidi ya kilichokuwapo, maana inamfanya Derice kuwa mwanzilishi badala ya wafanyabiashara wa kigeni. Mtu anaweza kuiona kama heshima. Lakini tazama kinachofuata. Heshima inayotolewa kwa mkono wa kulia inarudishwa kwa mkono wa kushoto, kwani kocha mzungu mwenye dhambi za zamani anapewa safari nzito kuliko zote ya kutubu na kusamehewa, na vijana weusi wanakuwa njia yake ya kutakasika. Tukumbuke pia kwamba kati ya waigizaji wanne walioshika nafasi za wachezaji hakuna aliyekuwa Mjamaika. Lafudhi tunayoisikia ilitengenezwa kwa masikio ya watu wa mbali.

La tatu ni maadui. Filamu inahitaji mtu wa kuchukiwa ili makofi ya mwisho yawe na uzito. Kwa hiyo watu waliosaidia wakageuzwa kuwa watu waliodhihaki. Hili ndilo badiliko linalonisumbua zaidi. Ukisema uongo juu ya pesa au vyeo unapotosha hesabu tu, lakini ukisema uongo juu ya wema wa watu unawafundisha watoto kwamba mgeni akienda ugenini lazima apigwe ndipo apendwe.

Hata hivyo, ningekuwa sitendi haki nikiishia hapo. Kuna mambo mawili ambayo filamu inayaona vizuri kuliko taarifa za magazeti. Moja ni uchovu wa kutazamwa. Yul Brenner anapomsimamisha Junior mbele ya kioo na kumfundisha kujiona kuwa mtu mwenye fahari na nguvu, tunaona kazi ambayo kila anayetoka nchi inayochekwa huifanya kimya kimya kabla ya kuingia ukumbini. La pili ni maneno ya kocha kwa Derice usiku kabla ya mbio, kwamba medali ya dhahabu haiwezi kumkamilisha mtu ambaye bila hiyo hajioni kamili. Ni funzo jepesi, la kifamilia, kama ilivyo desturi ya Disney. Lakini linatoka kinywani mwa mtu ambaye filamu imekwisha kutuonyesha jinsi kiu ya medali ilivyomharibu, na kwa hiyo lina mizizi.

Haki ya kufika wa mwisho

Swali la bibi lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Wanaoshindwa wanashangiliwa nini? Katika Calgary ile ile ya 1988 alikuwapo Eddie Edwards, Mwingereza wa kuruka na skii, aliyekuwa wa mwisho na akapendwa na watazamaji kuliko washindi wengi. Nchi zisizo na theluji kama Fiji na Guatemala nazo zilishiriki. Umma ulifurahi. Wakuu wa michezo walifurahi kidogo zaidi ya hapana: miaka miwili baadaye kanuni za kufuzu zilikazwa ili watu wa aina ya Edwards wasipite tena kwa urahisi. Ndiyo kusema kwamba wakati filamu ya Disney ikiufundisha ulimwengu kumpenda mshindwa mwenye moyo, mlango aliopitia mshindwa huyo ulikuwa umekwisha kupunguzwa upana.

Miaka kumi baada ya Calgary, jirani yetu alijaribu mlango huo. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Kenya, alishiriki Olimpiki za Nagano, Japani, mwaka 1998 katika mbio za skii za kilomita 10, akiwa Mkenya wa kwanza katika Michezo ya Baridi. Kama ilivyokuwa Jamaika, wazo na pesa vilitoka nje. Kampuni ya viatu ya Nike ilimfadhili na kumpeleka Finland kufanya mazoezi, yeye ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kuiona theluji. Alimaliza wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Mshindi wa mbio hizo alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa wachezaji wakubwa wa skii waliopata kutokea. Alikuwa amekwisha kumaliza kwa takriban dakika ishirini. Alikataa kwenda kupokea medali yake mpaka Boit afike, akamngoja kwenye mstari, na alipofika akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Hakuna mwandishi wa Hollywood aliyepanga tukio hilo, na halikuhitaji Mjerumani wa kuchukiwa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo jibu la bibi lilipo. Dæhlie alikuwa anajua kwa mwili wake mwenyewe gharama ya kila kilomita, na kwa hiyo alijua Boit alikuwa amelipa nini. Anayeshangiliwa ni yule aliyekubali kulipa bei nzima bila ahadi ya kupata kitu. Hilo halina rangi wala hali ya hewa.

Lakini makofi yana hatari yake. Yanaweza kumfunga mtu katika nafasi ya mwisho, awe kipenzi cha watu mradi asishinde. Boit alilikataa hilo kwa kurudi tena katika Michezo ya 2002 na 2006. Wajamaika walilikataa kwa namna iliyo wazi zaidi. Dudley Stokes aliendelea kuendesha kigari katika Michezo minne, kuanzia 1988 hadi 1998. Chris Stokes, yule aliyekuja kushangilia, alikuja kuwa rais wa shirikisho la bobslei la Jamaika. Mwaka 2018 wanawake wa Jamaika walishiriki kwa mara ya kwanza, na mwaka 2022 huko Beijing timu ya wanaume wanne ilirudi baada ya miaka 24.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Cool Runnings ni shahidi dhaifu wa mwaka 1988 na shahidi mzuri wa mwaka 1993. Juu ya Calgary inatuambia machache ya kutegemewa. Juu ya Hollywood ya mwanzo wa miaka ya tisini, na namna ilivyopenda kuziona nchi ndogo, inatuambia mengi: ziwe na furaha, ziwe maskini, zisiwe na dola, zishindwe kwa heshima. Na juu ya watazamaji wake wa mbali, pamoja na sisi wa Gisenyi, inatuambia kwamba watu hawapokei filamu kama mtungi unavyopokea maji. Tuliiweka kwenye Karisimbi, tukampa Sanka uraia wa Goma, tukaiuliza maswali ambayo haikuyatarajia.

Napendekeza tusiwaambie wadogo zetu waache kuitazama. Waitazame na wacheke, maana inachekesha kweli. Kisha wapewe kazi ya nyumbani iliyo rahisi: watafute majina halisi ya wale wanne, kazi walizokuwa wakifanya, na kilichowapata baadaye. Zoezi hilo hilo linaweza kufanywa kwa filamu yoyote inayodai kusimulia nchi yetu au ya jirani, ya huzuni au ya kicheko.

Watakaofanya zoezi hilo vizuri watafika Lillehammer, Norway, Februari 1994. Huko timu ya Jamaika ya watu wanne, Dudley Stokes akiwa bado ndiye anayeongoza, ilimaliza katika nafasi ya 14, mbele ya Marekani na Ufaransa. Filamu tunayoipenda haina nafasi hiyo ya 14, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kutoka miezi michache kabla. Anayeijua ni yule aliyeendelea kusoma baada ya makofi kwisha.